Masizi ya Dohani ya Nne

Saa mbili na dakika kumi na nane asubuhi, mshale wa mizani ya barua ulisimama kwenye gramu mia moja arobaini na mbili. Kikaratasi cha kiwanda kilisema hivyohivyo. Aliyepima aliandika tarakimu hiyo kwenye daftari, akainua behewa la saba kwa vidole viwili na kulirudisha katika kisanduku chake cha kijivu.

Waliomjua walimwita Rula. Jina lilimpata akiwa na miaka ishirini na mitatu, katika chumba cha michoro cha bandari, kwa sababu alikuwa na tabia ya kupima hata kile ambacho wenzake walikwisha kukipima. Lilimng'ang'ania mpaka alipostaafu akiwa mkuu wa chumba hichohicho. Sasa alikuwa na sitini na minne, macho bado makali, na mezani pake palikuwa na visanduku kumi na vitatu vilivyopangwa kwa namba: kichwa kimoja cha treni na mabehewa kumi na mawili.

Seti hiyo ilitolewa na kiwanda cha vitu vya kuchezea kuadhimisha miaka sabini tangu kuzama kwa meli iliyoitwa Zuhura. Kila mwezi walileta kipande kimoja. Wengi waliuliza treni na meli vinahusiana vipi, na Rula aliwajibu wote jibu moja: abiria wa Zuhura walifikishwa bandarini kwa treni maalumu, na ndiyo treni iliyoigwa. Ubavuni mwa kila behewa palichorwa tukio moja la safari. Behewa la saba peke yake halikuwa na kuta. Lilikuwa tambarare, na juu yake ilipandishwa meli yenyewe, ndogo, urefu wa kiganja, na dohani zake nne za moshi zikiwa zimesimama mstari mmoja.

Dohani hizo ndizo zilizomfanya anunue seti nzima.

Babu yake alikuwa mtia makaa ndani ya Zuhura. Aliokoka. Mbele ya tume ya uchunguzi alieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba mlango wa chuma wa chumba cha boila ulifungwa wakati watu kumi na mmoja walikuwa bado ndani. La pili lilimtoka kwa kuulizwa tu: alipotakiwa kuonyesha alikokuwa akifanyia kazi, alisema ni chini ya dohani ya tatu, ya mwisho yenye moto, kwani ya nne haikuwa na boila chini yake, ilikuwa ya kupitisha hewa. Wajumbe wakatoa kadi za posta. Katika kila kadi dohani zote nne zilikuwa zikitoa moshi. Ripoti yao, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ilimaliza habari ya babu kwa mistari miwili: madai ya shahidi huyu kuhusu dohani yanapingwa na picha zote zinazojulikana, ushahidi wake hauaminiki. Kwa sababu ya dohani moja, wakatupa na mlango.

Babu alizeeka na jina la mwongo. Rula alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipofungua droo ya chini kabisa ya chumba cha michoro na kukuta karatasi ya thelathini na moja ya michoro ya Zuhura. Boila zote zilikuwa chini ya dohani tatu za mbele. Chini ya ya nne palichorwa njia ya hewa, basi.

Sasa ilikuwa imetimia miaka tisini tangu meli izame, na jumba la makumbusho la bandari lilikuwa linafungua chumba kipya. Kabati la tatu lilikwisha kuwekwa ripoti ya tume, imefunuliwa ukurasa uleule. Kabati la nne lilitengwa kwa seti ya treni, na kwa kanuni za jumba mwenye seti aliruhusiwa kuweka pembeni mchoro mmoja na kadi moja ya maneno yasiyozidi arobaini. Rula hakuhitaji zaidi. Karatasi ya thelathini na moja ingelala hatua mbili kutoka ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, na kila mwenye macho angesoma zote mbili. Seti ikikataliwa, kabati lingepewa aliyefuata kwenye orodha, bwana mmoja mwenye treni zilizochorwa maua, na mchoro ungerudi drooni.

Saa nne kamili mkaguzi wa chama cha wakusanyaji wa treni ndogo aligonga mlango. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye glavu nyeupe mfukoni na lenzi iliyofungwa kamba shingoni.

"Hodi, mama."

"Karibu. Umefika kwa wakati."

"Niliambiwa nisipofika kwa wakati nirudi nyumbani."

"Nani alikwambia?"

"Shemeji yako, yule dereva. Alisema wewe saa ya ukutani inakuamkia shikamoo."

Rula hakucheka, ila alisogeza kiti. Mkaguzi akavaa glavu. Kichwa cha treni alikigeuza, akasoma namba ya toleo iliyogongwa chini yake, akatikisa kichwa kukubali. Behewa la kwanza, la pili, la tatu: safi. Magurudumu hayakuwahi kugusa reli. Kufikia la sita alikuwa ameanza kupiga mluzi wa chini kwa chini, mluzi wa mtu ambaye kazi imemwendea vizuri.

Kwenye la saba mluzi ulikatika.

Alisogea dirishani. Akaitazama dohani ya nne kwa lenzi, akaizungusha kidogo, akarudi kwenye ya tatu, kisha tena ya nne.

"Mama, hapa pamefutwa."

"Pamefutwa," alisema Rula. "Ukurasa wa kumi na tisa."

Akamsogezea daftari. Maandishi yalikuwa manyoofu kama yamepigwa chapa: Behewa 7, dohani 4. Masizi yameondolewa kwa tina ya kuyeyushia rangi na pamba, dakika 25. Sababu: si kweli. Palikuwa na tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita, na herufi zake mbili.

Mkaguzi alisoma mara mbili, akavua lenzi.

"Kazi hii nina mwaka wa kumi na moja. Waongo nimewazoea, nawajua kwa harufu ya gundi. Mtu anayenipa mwenyewe ukurasa na tarehe sijawahi kumwona. Kanuni ya sita unaijua?"

"Kitu kilichobadilishwa baada ya kutoka kiwandani hakionyeshwi kama toleo la asili."

"Sasa?"

"Niliisoma nikaona inahusu watu wanaoharibu."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilisahihisha."

Hakuwa anajitetea. Katika chumba cha michoro, mstari wenye kosa hukwanguliwa kwa wembe na kuchorwa upya. Kisha chini ya karatasi, kwenye jedwali la marekebisho, mtu huandika tarehe na herufi za jina lake. Aibu ilikuwa ya yule aliyeona kosa akaliacha. Miaka yote ile Rula alikuwa ameliangalia behewa la saba kama karatasi nyingine iliyopita mezani pake, na hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kuliangalia vinginevyo.

"Dohani hii haikuwa na moto," alisema. "Mchoro ninao."

"Nakuamini. Lakini sikukagua meli, mama. Nimekagua kitu cha kiwandani, na kiwanda kilikitoa na masizi." Akayapitia mabehewa matano yaliyobaki, yote safi, kisha akaanza kuvua glavu, kidole baada ya kidole. "Vipande kumi na viwili nimevipitisha. Ukipata behewa la saba ambalo halijaguswa, niletee jumbani kabla ya saa tisa. Saa kumi kabati linafungwa. Usipolipata nitampigia yule wa maua."

"Nitakuwa huko kabla yako," alisema Rula, akamfungulia mlango.

Hakukaa chini. Alijua watu watatu waliowahi kununua seti ile. Mmoja alihama, mmoja watoto wake waliivunjavunja, na wa tatu alikuwa ameoa dada yake.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili, mwendo wa dakika tisa. Alitumia saba. Sauti ya treni aliisikia akiwa bado nje, maana chumba ambacho dada yake alikitaka kiwe cha cherehani kilijaa meza moja kubwa yenye reli za kuzunguka, madaraja mawili na handaki la kadibodi. Katikati ya meza, ndani ya tundu alilolikata mwenyewe, alisimama shemeji yake akiwa na kofia yake ya kazi. Aliendesha treni za kweli miaka thelathini na mmoja, na hakuona kwa nini kustaafu kumzuie.

"Shemeji! Karibu stesheni. Tiketi unayo?"

"Sina muda wa utani."

"Basi subiri, treni ya wasio na muda inapita saa nane."

"Akija kabla ya mchana," dada yake alisema kutoka jikoni, "ujue kuna mtu kakosea mahali. Mdogo wangu, nani leo?"

"Mimi," alisema Rula.

Dada alitokeza mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi na hakupenda kupitwa na jambo la nadra.

Rula aliwaeleza kwa sentensi nne. Shemeji alizima umeme, treni ikasimama katikati ya daraja. Ilikuwa seti ileile, ila ungeipata dukani ungeomba upunguziwe bei: rangi imebanduka, magurudumu yameng'aa kwa kutembea. Kwa miaka kumi na tisa hao wawili walikuwa wakisutana juu yake. Rula alimwambia anaiua. Yeye alimjibu kwamba treni isiyotembea ni kabati.

"La saba liko wapi?" aliuliza Rula. "Silioni kwenye msafara."

"La saba halitembei. Meli ile nzito juu. Nililiweka relini siku ya kwanza, kona ya kwanza tu likalala ubavu, likaangukia zulia."

"Nikamwambia imezama tena," alisema dada.

"Akaniambia imezama tena, mbele ya wageni. Nikalirudisha kisandukuni siku ileile, halijatoka."

Alipita chini ya meza kwa magoti, akalalamikia mgongo, akatoka na kisanduku cha kijivu kilichofifia pembeni. Rula alikifungua dirishani. Alitumia lenzi yake mwenyewe dakika tatu nzima. Hakukuwa na mkwaruzo. Dohani zote nne zilikuwa na masizi, na ya nne ilikuwa nyeusi kuliko nyingine, kama iliyopakwa na mtu aliyekuwa na rangi ya kumaliza.

Akakifunga.

"Hili siwezi."

"Unalihitaji ama hulihitaji?" aliuliza shemeji.

"Kabati la tatu kuna ripoti inayomwita babu mwongo kwa sababu ya moshi wa dohani hii. Kisha mimi, mjukuu wake, niweke kabati la nne dohani yenye moshi. Kwa mkono wangu."

"Basi peleka lako lililosafishwa."

"Wamelikataa."

"Basi waache maua."

"Baba wee," dada alimwonya mumewe, "usimchokonoe."

"Simchokonoi. Namuuliza." Akavua kofia, akaiweka juu ya paa la stesheni. "Shemeji, unaikumbuka ile ajali yangu ya lori la vitunguu?"

"Hakufa mtu."

"Hakufa mtu, lakini lori lilibaki vipande na mwenye lori akaapa kwamba sikufunga breki. Nilifunga mita mia nne kabla. Treni iliposimama, msaidizi wangu akanyoosha mkono aurudishe mkono wa breki mahali pake. Kwa nia njema! Alitaka chumba kiwe nadhifu wakubwa wakija. Nilimpiga kofi la mkono mpaka leo ananidai. Ukisimama kwenye ajali hugusi kitu. Mkono wa breki unaachwa pale ulipo, hata kama umekaa vibaya, hata kama unakuaibisha. Wachunguzi walipanda, wakaukuta umevutwa mpaka mwisho. Mkono ndio ulionisemea. Ungerudishwa mahali pake pazuri, ningekuwa na mdomo tu." Alimtazama. "Wewe, shemeji, umegusa."

Dada aliacha kukausha sahani.

Rula alivuta kiti, akaketi, akapanga alichokuwa nacho kama alivyozoea kupanga vipimo. Wachoraji wa kadi za posta waliongeza moshi wa nne kwa sababu mioshi mitatu na bomba tupu havikuvutia macho. Tume iliamini kadi. Miaka sabini baadaye kiwanda kilinakili kadi zilezile. Masizi aliyokuwa ameyashika mkononi yalikuwa kosa lilelile lililomwangusha babu, bado likisafiri, limepigwa chapa na kuuzwa kila mwezi. Behewa lake yeye, lililosafishwa, lilikuwa sahihi na halikuthibitisha chochote. Mbaya zaidi, yeyote ambaye angeuliza ni nani aliyelisafisha angejibiwa: mjukuu wa shahidi.

"Maji yamekwisha kumwagika," alisema. "La kwangu siwezi kulirudishia masizi."

"Hata usijaribu," alisema shemeji.

"Nipe hili. Unataka nini badala yake?"

"Lako. Lile safi. Nitalibandika kipande kizito cha risasi chini ya sakafu lisipinduke. Meli yenye dohani ya haki izunguke mezani kwangu."

"Utalikwaruza."

"Nitalikwaruza vizuri sana."

"Kubali," alisema dada. "Ushindani wenu umeninyima cherehani miaka kumi na tisa, angalau uzae kitu."

Rula alikubali, akaandika mabadilishano hayo ukurasa wa thelathini, na shemeji akatakiwa kutia herufi zake. Kisha ikabaki kadi. Ile aliyoiandaa mwanzo ilisifu usahihi wa seti, na sasa haikufaa. Aliandika nyingine palepale kwenye meza ya jikoni. Dada akahesabu kwa ncha ya kalamu nyekundu, ambayo hakuwahi kuiacha shuleni.

"Sitini na moja. Hapa umeeleza boila mara mbili. Hapa unamkemea mtu aliyekwisha kufa. Toa."

"Ni muhimu."

"Ni muhimu kwako. Msomaji amesimama, miguu inamuuma. Toa."

Walitoa. Saa saba na robo ilikuwa imebaki hivi: Behewa la saba, kama lilivyotoka kiwandani. Masizi kwenye dohani ya nne ni kosa: chini yake hapakuwa na boila, bali njia ya hewa. Tazama mchoro. Mtia makaa aliyesema hivyo mbele ya tume alisema kweli.

"Thelathini na tatu," alisema dada.

"Yamebaki saba," alisema shemeji. "Andikeni kwamba ni babu yenu. Mbona mnaona haya?"

"Hatuoni haya," alisema Rula. "Alisema kweli hata angekuwa babu wa jirani."

"Na mlango? Mbona mlango haumo?"

"Wa mlango sina mchoro." Alipuliza wino ukauke. "Ninachoweza kuthibitisha ni dohani. Aliyetupa mlango kwa sababu ya dohani atajua mwenyewe pa kuuokotea."

Saa nane na dakika arobaini alikuwa jumbani na visanduku vyote kumi na vitatu na mchoro, kabla ya mkaguzi, kama alivyosema. Chumba kilikuwa na harufu ya rangi mpya ya ukuta. Kabati la tatu lilikuwa limefungwa tayari, na kupitia kioo aliweza kusoma mistari ile miwili bila miwani. Aliisoma mara moja tu.

Mkaguzi alifika saa tisa kasoro dakika tano, akavaa glavu. Safari hii hakupiga mluzi. Alikagua behewa kwa muda mrefu kuliko asubuhi, akafika dohani ya nne, akaishia hapo.

"Halijaguswa," alisema. "Umelipata wapi?"

"Kwa mtu ninayemsuta miaka kumi na tisa kwamba hajui kutunza."

"Na masizi? Asubuhi hukuyataka hata kuyasikia."

Rula alimpa kadi. Mkaguzi alihesabu maneno kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ndipo akasoma. Kisha akaenda kabati la tatu, akainama, akasoma na pale. Aliporudi aliisogeza karatasi ya thelathini na moja upande wa kushoto, karibu kabisa na kabati la ripoti.

"Kanuni inasema mchoro uwe kulia," alisema Rula.

"Kanuni inasema pembeni. Nimeisoma."

Rula alifungua kisanduku cha kwanza. Wakaweka kichwa cha treni, kisha mabehewa kwa zamu, yeye akitaja namba na mkaguzi akipima nafasi kwa rula ya jumba. Kati ya la sita na la saba palizidi milimita mbili. Rula alisema. Mkaguzi akasogeza.

Saa tisa na dakika hamsini na sita ufunguo uligeuzwa mara mbili katika kabati la nne. Mkaguzi aliandika muda huo kwenye rejesta, na Rula akatia herufi zake mbili pembeni.